Jina la sifa ndani ya Java na jina la uga katika JSON ya nje

SWALI: Ninaandika kwa Java, kwa kutumia Spring Boot (fremu ya kujengea programu za seva), mfumo wa kupokea michango ya wanachama wa chama cha akiba na mikopo kupitia M-Pesa. Katika klasi zangu nimefuata desturi ya Java, hivyo nina phoneNumber, accountReference, checkoutRequestID na nyinginezo za namna hiyo. Jibu la kwanza kutoka Daraja (huduma ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa), yaani lile la kuomba tokeni (ufunguo wa muda wa kuingilia), lina nyuga access_token na expires_in, na zote mbili zilikuwa zikiingia kwangu zikiwa tupu. Niliongeza kwenye mipangilio mstari wa spring.jackson.property-naming-strategy=SNAKE_CASE, tokeni ikapatikana. Sasa ombi la STK (linalomtokezea mwanachama kidirisha cha kuthibitisha malipo kwenye simu) linakataliwa, na programu ya simu ya wanachama, ambayo ilikuwa ikifanya kazi vizuri, haioni tena phoneNumber. Je, nibadilishe majina ya sifa zote ili yafanane na ya nje, au niandike kigeuzi changu cha majina?

JIBU: Usifanye lolote kati ya hayo mawili. Ondoa kwanza ule mstari wa mipangilio, kwa sababu umetekeleza kikamilifu ulichouagiza: umeiambia Jackson, maktaba inayogeuza objekti kuwa JSON (maandishi ya kubadilishana data kati ya mifumo) na JSON kuwa objekti, kwamba kila jina linalopita katika mfumo mzima liandikwe kwa mtindo wa nyoka, yaani herufi ndogo zinazotenganishwa kwa kistari cha chini. Programu ya simu ya wanachama wako nayo hupata majibu yake kupitia mlango huohuo. Kwa hiyo imeanza kupokea phone_number mahali pa phoneNumber, wakati hakuna aliyeibadilisha.

Kuhusu ombi la STK, hata bila mstari ule lingekataliwa. Daraja haitumii mtindo mmoja wa majina. Jibu la tokeni lina access_token na expires_in kwa sababu majina hayo yamewekwa na kanuni ya OAuth 2.0, RFC 6749 ya mwaka 2012, na kila anayeifuata huyaandika vivyo hivyo. Ombi la STK lenyewe hutumia mtindo wa Pascal, ambao kila neno huanza kwa herufi kubwa: BusinessShortCode, Amount, PartyA, PhoneNumber. Ombi likikosewa, ujumbe wa kosa hurudi kwa mtindo wa ngamia, ukiwa na requestId, errorCode na errorMessage. Mitindo mitatu kwa mwenyeji mmoja, na mpangilio mmoja wa mfumo mzima hauwezi kuikidhi yote. Wala usitegemee kwamba msomaji wa upande wa pili atapuuza tofauti ya herufi kubwa na ndogo. Katika JSON jina la uga ni tungo ya kawaida, kwa hiyo Amount na amount ni majina mawili tofauti.

Mahali panapofaa pa kuamua jina la nje ni kwenye klasi inayobeba ujumbe wa nje, na pale tu. Ikiwa hadi sasa umekuwa ukitumia klasi moja kuhifadhi malipo katika hifadhidata, kuyatuma Daraja na kuyaonyesha kwa mwanachama, zitenganishe. Utaandika mistari michache zaidi, lakini kila klasi itakuwa na bwana mmoja. Klasi ya ombi la STK itaonekana hivi, nikiacha sifa nyingine na mbinu za get na set kwa ajili ya nafasi:

@JsonNaming(PropertyNamingStrategies.UpperCamelCaseStrategy.class)
public class OmbiLaStk {
    private String businessShortCode;
    private String phoneNumber;
    @JsonProperty("CallBackURL")
    private String callbackUrl;
}

Klasi ya jibu la tokeni utaiwekea SnakeCaseStrategy, na ile ya makosa haihitaji alama yoyote kwa sababu desturi ya Java ni mtindo huohuo wa ngamia. Klasi ya PropertyNamingStrategies, yenye herufi za wingi mwishoni, imo katika Jackson tangu toleo la 2.12. Ukikutana na mifano ya zamani inayotaja PropertyNamingStrategy.SNAKE_CASE, hiyo ni njia iliyokwisha kuachwa.

Tazama sasa kwa nini callbackUrl nimeipa jina lake waziwazi. Mkakati wa mtindo wa Pascal katika Jackson hufanya jambo moja dogo sana, nalo ni kukuza herufi ya kwanza. Ombi la STK lina nyuga 11, na kumi kati yake hutoka sawasawa kwa njia hiyo. Ile ya kumi na moja ingetoka CallbackUrl, ilhali nyaraka za Daraja zinataka CallBackURL, yenye B kubwa katikati na vifupisho vyote kwa herufi kubwa. Katika jibu la ombi hilohilo utakutana na MerchantRequestID na CheckoutRequestID, na katika taarifa za malipo ya C2B (mteja kuilipa biashara) utakutana na TransID na MSISDN (namba ya simu). Hakuna kanuni itakayokisia hayo yote. Alama ya @JsonProperty hushinda mkakati wa klasi, kwa hiyo unaweza kuacha kanuni ishughulikie nyuga zinazoitii, na zile zinazokaidi ukazitaja kwa majina. Mimi binafsi, klasi inapokuwa na nyuga chini ya kumi hivi, huzitaja zote na kuuacha mkakati kabisa, kwa kuwa msomaji wa msimbo huo ataona jina la nje likiwa limeandikwa mbele yake, na akilitafuta kwa jina hilo atalipata.

Hapa ndipo checkoutRequestID yako inapohitaji kuangaliwa zaidi, kwa sababu vifupisho ndivyo vinavyozitenganisha maktaba hizi. Jackson, ikiigeuza checkoutRequestID kwa mtindo wa nyoka, huuona mfululizo wa herufi kubwa kuwa kitu kimoja na kutoa checkout_request_id. Gson, maktaba nyingine ya JSON, kwa sera yake ya LOWER_CASE_WITH_UNDERSCORES, huweka kistari kabla ya kila herufi kubwa na kutoa checkout_request_i_d. Hibernate, maktaba ya kuhifadhi objekti katika hifadhidata, kwa mkakati ambao Spring Boot huuweka yenyewe kwa ajili ya majina ya safu za hifadhidata, huweka kistari pale tu ambapo herufi kubwa imetanguliwa na ndogo na kufuatwa na ndogo, kwa hiyo hutoa checkout_requestid. Jina moja la Java limezaa majina matatu, na kila maktaba imefuata kanuni yake bila kosa lolote. Usidhani pia kwamba Jackson imeshinda, kwa maana mpeSTKPush kwake ni mpe_stkpush, maneno mawili yameungana kwa sababu hakuna alama inayoonyesha kifupisho kinaishia wapi.

Dawa yake ni rahisi: ndani ya msimbo wako kichukulie kifupisho kama neno la kawaida. Andika checkoutRequestId, callbackUrl, na msisdn. Maktaba zote tatu nilizozitaja zitakubaliana juu ya checkout_request_id, na pale mwenye mfumo wa nje anapotaka ID au URL, @JsonProperty itabeba tofauti hiyo. Jihadhari hata hivyo na herufi moja inayosimama peke yake. Sifa ya partyA katika Jackson ni party_a, lakini Hibernate huiandika partya kwa sababu haiichunguzi herufi ya mwisho, na hapo utalazimika kuandika @Column(name = "party_a") kwa mkono. Shida ya jamii hiyo huwapata wanaotumia Lombok, zana ya kuzalisha mbinu za get na set, kwa sifa kama pName: Lombok hutengeneza getPName, Jackson hushusha herufi zote kubwa zilizotangulia, na uga unatoka ukiitwa pname. Ukiweza, usianzishe jina kwa herufi moja pekee.

Sasa kuhusu kuandika kigeuzi chako mwenyewe. Kinaonekana ni kazi ya mistari mitano, na ndiyo maana wengi hukiandika, lakini maswali niliyoyaeleza kuhusu vifupisho utapaswa kuyajibu wewe, pamoja na mengine kuhusu tarakimu. Je, line1Text iwe line1_text au line_1_text? Isitoshe, safari ya kurudi haina uhakika, kwa kuwa checkout_request_id inaweza kuwa checkoutRequestId au checkoutRequestID, na habari ya ipi ilikuwepo mwanzo imekwisha kupotea. Ukilazimika kukiandika kwa sababu maktaba unayoitumia haina huduma hiyo, tumia toLowerCase(Locale.ROOT). Seva iliyowekwa lugha ya Kituruki hushusha I kubwa kuwa i isiyo na nukta, na ID yako haitakuwa id.

Kuna sehemu moja ya Daraja ambayo mkakati wowote wa majina hautaifikia. Matokeo ya malipo huja baadaye kwenye anwani uliyoitoa, yakiwa ndani ya Body, kisha stkCallback, kisha CallbackMetadata. Zingatia kwamba stkCallback imeanza kwa herufi ndogo huku majirani zake wakianza kwa kubwa, kwa hiyo nayo itajwe kwa @JsonProperty. Ndani ya CallbackMetadata kuna orodha iitwayo Item, na kila kipengele chake kina Name na Value. MpesaReceiptNumber, Amount na PhoneNumber hapo si majina ya nyuga, ni thamani zilizomo katika uga wa Name, na Jackson haina sababu ya kuzigusa. Soma orodha hiyo kama ilivyo, kisha wewe mwenyewe uijenge Map kutoka Name kwenda Value, na kutoka hapo ujaze objekti yako. Ruhusu kipengele kukosa Value, na usitegemee mpangilio wa orodha, kama vile kusema namba ya risiti daima ni ya pili.

Jambo la mwisho ni lile lililokufanya uone utupu badala ya kosa. Jackson yenyewe, katika matoleo ya 2.x, ikikutana na uga isioufahamu, husimamisha kazi na kutaja jina la uga huo. Spring Boot huizima tabia hiyo, na kwa mazingira halisi nakubaliana nayo, kwa sababu mwenye mfumo wa nje anaweza kuongeza uga wakati wowote na hutaki malipo ya watu yakwame kwa ajili hiyo. Katika majaribio, hata hivyo, iwashe FAIL_ON_UNKNOWN_PROPERTIES. Hifadhi nakala ya kila aina ya ujumbe uliopokea kutoka katika mazingira ya majaribio ya Daraja, baada ya kuficha namba za simu, uisome kwa klasi zako na uhakikishe hakuna sifa ya lazima iliyobaki null. Kwa upande wa kutuma, geuza ombi kuwa JSON na ulilinganishe na mfano ulio katika nyaraka, herufi kwa herufi. Na ikiwa utatengeneza ObjectMapper (objekti ya Jackson inayofanya ugeuzaji) ya pekee kwa ajili ya Daraja, iweke ndani ya klasi ya huduma hiyo. Ukiitangaza kuwa bean ya kawaida (objekti inayosimamiwa na Spring), Spring Boot itaacha kutengeneza ya kwake, na utakuwa umerudia kosa la mpangilio wa mfumo mzima kwa njia nyingine.

Programu ya simu itaiona tena phoneNumber mara tu utakapouondoa ule mstari. Ikiwa katika siku hizo umekwisha kutoa toleo linalotuma phone_number, ongeza @JsonAlias("phone_number") kwenye klasi inayopokea maombi ya wanachama. Alama hiyo huongeza jina la pili wakati wa kusoma tu, kwa hiyo majibu yako yataendelea kutoka na phoneNumber, na toleo hilo jipya la simu nalo litapaswa kurekebishwa lisome jina hilo.