Usiache kazi, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusikiliza. Waniuliza uache kazi ya usaidizi wa maabara hapo Leicester ukasome shahada ya sayansi ya biomedikali kwa muda wote, au usome taratibu huku ukiendelea na kazi. Baba yako kashasema uache. Mimi niliyefanya kazi maabara hapa Tanga hadi nikastaafu, nasema usiache.

Nitakupa kisa. Siku moja wodini damu ya mgonjwa haikutosha kwenye chupa ya kemia, aliyeitoa akajazia kutoka chupa ya kifuniko cha zambarau. Majibu yakatoka potasiamu iko juu kiasi cha kusimamisha moyo, kalsiamu karibu hakuna. Na mgonjwa mwenyewe yuko kitandani anakunywa uji! Kijana wetu wa zamu akakataa kuyatoa majibu yale, akaomba damu nyingine. Mazoea ya kazi ndiyo yaliyomshtua. Ila daktari alipokuja juu, kijana alikuwa na la kumweleza: EDTA, dawa iliyomo kwenye chupa ile ya zambarau, ni chumvi ya potasiamu, na huzuia damu isigande kwa kuikamata kalsiamu. Hilo alilisoma darasani. Nataka uwe navyo vyote viwili, na hivyo havipatikani vizuri kimoja baada ya kingine.

Sasa makaratasi, maana huko ndiko wengi hukwama. Uingereza huwezi kujiita mwanasayansi wa biomedikali mpaka usajiliwe na HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya huko, ni sheria. Njia ya kawaida ni shahada iliyoidhinishwa na IBMS, taasisi ya wanasayansi wa biomedikali, pamoja na jalada la mafunzo linalojazwa ndani ya maabara iliyokubaliwa kufundisha. Ukisoma shahada isiyoidhinishwa, utarudishwa kusoma masomo ya ziada, na ada nyingine juu yake. Wako wanaomaliza chuo vizuri kabisa, kisha wanahangaika kutafuta maabara ya kuwapokea. Wewe umo ndani tayari, lakini mkuu wako halazimiki kukufungulia jalada hilo. Muulize, na jibu uliombe kwa maandishi: maabara yenu inaruhusiwa kufundisha? Nani atakusimamia? Utapewa siku ya kwenda chuo? Ulizia pia uanagenzi wa shahada. England anayesoma kwa njia hiyo halipi ada na mshahara unaendelea, ila wataangalia hali yako ya ukaazi.

Kinachonitia hofu ni zamu za usiku. Najua zinalipa, na najua sehemu ya pesa hiyo ndiyo inayofika huku. Wiki za mitihani usizichukue. Ukitupunguzia, tutakula tu. Aliyechoka hubandika lebo ya mgonjwa huyu kwenye chupa ya yule, na kwa damu ya kuongezewa kosa hilo huua. Ndiyo, utachelewa kumaliza kuliko wenzako wa miaka mitatu. Wacha uchelewe.

Kabla hujalipa hata senti, nitumie jina la chuo na jina kamili la shahada tuitafute kwenye orodha ya IBMS. Usiangalie chuo peke yake: kinaweza kuwa na shahada mbili za majina yanayokaribiana, moja imeidhinishwa, nyingine haikuidhinishwa. Baba yako niachie mimi, nitazungumza naye.

Mama yako