Maintani wapya wa wodi ya watoto: mtoto hataongea mbele ya huyo aliyemleta

Wadogo zangu, madaktari wa mafunzo mlioingia wodi ya watoto juzi, karibuni na poleni. Hii naiandika nikiwa na hasira kidogo kwa hivyo mnivumilie. Raundi ya leo asubuhi mmoja wenu (sikutaji, tulia) amesimama mbele ya kitanda chenye watoto wawili na mama wawili, akafungua faili akasema kwa sauti ya mtangazaji wa mechi, "Huyu ni ile kesi ya kunajisiwa, siku ya pili ya PEP, zile dawa za kuzuia HIV." Mama wa kitanda cha pili akageuza shingo. Wa kitanda cha tatu akaacha kunywa uji. Kufikia saa nne hata wale wa kupiga deki walikuwa wanajua, na mtoto mwenyewe amejifunika blanketi gubigubi na joto lote hili.

Najua dozi mnazijua. Seftriaksoni mnaweza kuipiga hesabu mkiwa usingizini. Haya ninayosema hayako kwa protokoli mnazobeba mfukoni, ama yako lakini ni ile kurasa hakuna mtu hufungua.

1. Kesi kama hiyo haisomwi kitandani. Ongeleeni kwa ofisi ya sista inchaji ama kwa korido isiyo na watu, hata kama korido isiyo na watu Nairobi mimi bado sijaiona. Mkifika kitandani semeni "tunaendelea na dawa zake", msalimie mtoto kwa jina, songeni.

2. Mtoto mtulivu sana akuogopeshe. Mtoto wa miaka miwili anafaa kupiga nduru ukimkaribia na kanyula, sindano ya mshipa, hiyo ndiyo kazi yake. Sasa ukipata mmoja ameungua maji moto makalio na miguu, mpaka wa kidonda umenyooka vizuri, hakuna alama za matone yaliyoruka, halafu unabadilisha bandeji anaangalia ukuta tu, usiungane na wale wanaosema "huyu ni mtoto mzuri, hasumbui". Maji yanayomwagika kwa bahati mbaya huruka. Na mtoto ambaye amelia sana hakuna mtu akaja, hufika mahali akaacha kulia. Andika yote mawili, kidonda na huko kunyamaza.

Upande wa pili kuna yule mnamwita mtundu. Anaruka, hasikii, mlango ukigongwa anashtuka, na tayari nimeona mtu ameandika ADHD, ule ugonjwa wa kutotulia, na hajauliza hata mtoto analala saa ngapi. Mwili uliozoea hatari hukaa chonjo hata hatari ikiisha, adrenalini na kotisoli haziteremki vile zinafaa, usingizi unaharibika, shule inaharibika, asthma nayo hata ukiongeza inhela haishikiki. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena. Hiyo yote inakuja kliniki ikiwa imevaa nguo ya ugonjwa mwingine, na wewe una dakika tano.

3. Wacheni kuwapa watoto maksi. Wiki iliyopita nimepata faili imeandikwa "ACE skoo 6", ile hesabu ya mambo mabaya ya utotoni, kwa wino mwekundu, juu kabisa, kando ya damu grupu. Sita ya nini? Mtoto atafanya nini na sita? Ule utafiti wa madaktari Felitti na Anda ulianza kutoka 1998, kwa jumla watu wazima zaidi ya 17,000 wa San Diego, Marekani, wengi weupe na wote wako na bima ya afya ya Kaiser, na ulionyesha jambo kubwa sana kwamba mambo mabaya ya utotoni yakirundikana hatari ya magonjwa ukubwani inapanda, moyo, ulevi, kujaribu kujiua. Ulikuwa wa kuangalia umma. Anda mwenyewe na wenzake waliandika 2020 kwamba ile skoo haifai kutumiwa kupima hatari ya mtu mmoja mmoja. Watoto wawili wana nne nne, mmoja ana shosho anayempigania kama simba na mwingine hana mtu, mtawatibu sawa?

Halafu angalieni yale maswali kumi yenyewe. Hakuna polisi kuvunja mlango usiku. Hakuna kuamka ukute tingatinga linabomoa nyumba kama watoto wa Mukuru kwa Njenga 2021, wala maji kubeba nyumba kama Mathare Aprili 2024. WHO wana dodoso lao la kimataifa lenye vurugu za mtaani na vita, ingawa hilo pia ni la watu wa miaka 18 kwenda juu. Kwa hivyo kama umesoma ACE vizuri, safi, ikupe macho. Namba usiibandike kwa mtoto.

4. Hii ni ndefu, vuteni kiti. Nilikuwa nimemaliza intanship si muda, niko kliniki ya watoto ya hospitali fulani hapa jijini, jina niachieni. Jumatatu, foleni imefika geti, chumba kimoja tunatumia wawili, meza mbili, pazia la katikati lilipotea kitambo kikabaki chuma tu. Akaingia kijana wa darasa la nne, tumbo. Nikafungua daftari lake la hospitali: minyoo, amiba, taifodi (taifodi ya kile kipimo cha Widal, mnajua vile hudanganya), asidi, minyoo tena. Kila mara katibiwa, kila mara karudi. Aliyemleta ni baba wa kambo, mtu mpole, shati limepigwa pasi, anajua majina ya dawa zote, ananiita "daktari wangu". Nikampenda. Katikati ya Jumatatu mzazi asiyekugombeza ni zawadi, na mimi niliipokea kwa mikono miwili.

Nikampima tumbo, laini. Kijana alikuwa ameshikilia mshipi wa suruali kwa mikono yote, nikamwambia "toa mkono, si wewe ni mwanaume." Nilisema hivyo, mimi. Halafu nikakumbuka kitu mwalimu wetu mmoja alitufundisha, tumbo lisiloisha uliza ya nyumbani, basi nikauliza, naandika, macho kwa karatasi, mzee ameketi hapo hapo magoti yanagusa ya mtoto: "Kuna mtu anakusumbua nyumbani ama shule?" Kijana akamwangalia mzee kwanza. Halafu akasema hapana. Mzee akacheka, "Huyu ni shule hataki, daktari wangu." Nikacheka pia. Nikaandika kwa kile Kiingereza chetu cha faili kwamba mtoto amekana kudhulumiwa, nikaongeza dawa ya asidi, nikaita anayefuata.

Samansi ya mahakama ilikuja mwaka uliofuata. Mwalimu wake ndiye aligundua, siku ya kufunga shule kijana alikataa kwenda nyumbani, akakwama kwa dawati. Na wakili wa yule mzee alikuwa na nakala ya lile daftari. Akanipa mwandiko wangu niusome kwa sauti mbele ya hakimu. Daktari, huu ni wako? Wangu. Uliuliza mtoto? Niliuliza. Akajibu? Hapana. Mwendesha mashtaka akasimama akaniuliza nani mwingine alikuwa chumbani, nikasema baba wa kambo, na wakili bila hata kuinuka akauliza, "Imeandikwa wapi?" Haikuwa imeandikwa mahali popote. Nilikuwa nimempelekea mtuhumiwa ushahidi kwa mkono wangu, umepigwa muhuri wa hospitali. Ushahidi mwingine ulikuwepo, nashukuru, kesi haikuanguka, na zaidi ya hapo sitasema. Nilipotoka nje mama ya kijana alikuwa kwa benchi ya korido, akaniamkia vizuri tu, akaniita daktari. Angenitukana ningepona mapema.

Swali lilikuwa sawa. Watu waliokuwa chumbani ndio walikuwa shida, na macho yangu kwa karatasi. Kwa hivyo mtengeni mtoto. Msiseme "tunataka kuongea naye peke yake" kwa sauti ya mpelelezi wa polisi, semeni mnampeleka kupimwa urefu na uzito, mizani iko mwisho wa korido, sijaona mzazi akikataa mizani. Chukua sista ama mtu wa sosho wok (ustawi wa jamii) muwe wawili. Keti chini kuliko yeye. Usianze na nani anakupiga. Anza na "niambie siku yako, ukiamka mpaka ulale", na kwa hizi nyumba zetu za chumba kimoja uliza "nani hulala wapi?", hilo swali peke yake limenifungulia milango mingi kuliko dodoso lolote. Akisema kitu, andika maneno yake vile vile ndani ya alama za kunukuu, iwe Sheng iwe Kikamba, usimtafsirie. Andika nani alikuwepo. Asiposema, andika "hakusema leo", hilo neno "amekana" liacheni huko shuleni kwenu. Na usimuahidi siri, kwa sababu hutaweza kuiweka.

Na wavulana pia, jamani. Utafiti wa kitaifa wa 2010 uliuliza vijana wa miaka 18 hadi 24, asilimia 32 ya wanawake na 18 ya wanaume walisema walipitia dhuluma ya kingono kabla ya kufika miaka 18. Hesabu hiyo kwa foleni ya Jumatatu, halafu uniambie uliona wavulana wangapi.

5. Akisema, saa inaanza kukimbia. PEP ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora, msingoje polisi wala karatasi. Dawa ya kuzuia mimba mpaka saa 120 kwa msichana aliyeanza hedhi ama anakaribia. Fomu ya PRC, ile ya hospitali ya matibabu baada ya kunajisiwa, ijazeni mtu mmoja, mara moja, vizuri, kwa sababu P3, fomu ya polisi, inaegemea hapo na mtoto akirudia hiyo hadithi kwa intani, kwa daktari wa wodi, kwa anayesomea ubingwa na kwa bingwa mwenyewe anakuwa amedhulumiwa tena mara nne na watu wa koti jeupe. Nguo ziende kwa mfuko wa kaki. Juala linashika unyevu, ushahidi unaoza, na zaidi ya hayo juala zilipigwa marufuku 2017, sijui hizi za wodi zinatoka wapi. Mama akifika siku ya tano usimuulize "ulikuwa wapi siku zote". Alikuwa Githurai anatafuta nauli na anatafuta nguvu ya kuamini.

6. Kuna maumivu tunaleta sisi wenyewe. Watu wanne kumlalia mtoto wa miaka mitatu mezani mkitafuta mshipa, hiyo ataibeba. Mpakateni kwa mama, kifua kwa kifua, mkono mmoja nje. Anayenyonya anyonye mkidunga. Mwambie itauma kidogo halafu itaisha, usiseme haiumi. Majaribio mawili umekosa, ita mwenzako, hakuna tuzo. Na yule anayetishia watoto "ukisumbua daktari atakudunga" nikimpata atadunga yeye wodi nzima peke yake usiku.

7. Muulize mama anaendeleaje, kabla ya kumuuliza mtoto amehara mara ngapi. Wengi hakuna mtu amewauliza tangu wajifungue. Mtoto anahitaji mtu mzima mmoja wa kumtegemea, na mara nyingi ni huyu huyu mnamgombeza kwa kusahau kadi ya kliniki. Kama na yeye anapigwa, ukimtuma nyumbani na karatasi ya ushauri wa lishe hujafanya kitu.

Namba ya Childline ni 116, bure, mchana na usiku. Ya afisa wa watoto wa eneo letu iko ukutani hapo kwa desiki ya masista, ila kuna mmoja wenu alibandika rota ya zamu juu yake. Itoeni leo kabla sijafika.