Kushona bila picha kichwani: jibu refu kwa aliyeuliza

Ndugu uliyeuliza, nimesoma swali lako na majibu yaliyotangulia, na kwa kuwa jambo lenyewe naishi nalo kila siku kazini, niruhusu nijibu kwa urefu. Umesema ukifumba macho huoni kitu, ukisoma kimyakimya husikii sauti yoyote, na unataka kujua kama wanaodai "naiona picha kichwani" wanasema kweli au wanapamba maneno tu. Tena ukauliza kama wewe ni mgonjwa. Mmoja amekujibu uende ukaombewe. Mwingine amesema kila mtu yuko hivyo, usijisumbue. Wa kwanza amekutisha bure, na wa pili amejipima mwenyewe akadhani amepima dunia.

Wanasema kweli. Wengine huona, tena kwa rangi. Wengine huona ukungu. Wengine hatuoni kabisa. Sauti nayo ina mambo yake mbali, na mtu anaweza kuwa tajiri huku na maskini kule. Mimi ni fundi cherehani hapa Nakuru, nashona nguo za kike, hasa vitenge vya ruracio, yaani sherehe ya mahari ya Wakikuyu, na sare za kwaya, na kichwani mwangu hakuna picha hata moja. Maneno sasa, hayo hayanyamazi.

Najua swali litakalofuata: unashonaje gauni usiloliona? Basi mteja anaingia na kitenge chake, anaketi, anafumba macho na kuanza kuchora hewani kwa vidole. "Fundi, nataka ishuke hivi, hapa ibane, halafu huku chini ifunguke. Si unaiona?" Namwambia ndiyo mama, naiona, kwa sababu ndivyo mteja hujibiwa. Kisha naanza maswali. Shingo ni ya V au ya mviringo? Ikishuka ishuke inchi ngapi kutoka kwenye mfupa wa shingo? Mkono uishie kiwikoni au uvuke? Kubana kuanzie chini ya kifua au kiunoni? Kufunguka ni kwa marinda au kwa kukata kitambaa mshazari? Kila jibu linaingia daftarini kama nambari. Akimaliza, yeye ana gauni lake kichwani na mimi nina ukurasa wa vipimo na mpangilio wa hatua: mgongo kwanza, halafu mbele, bitana, zipu, mikono, pindo mwisho. Nikitandaza kitambaa mezani na kushika chaki, mikono inajua kila kitu kiko wapi. Naijua ile nguo vizuri sana. Ila siioni mpaka iwe imeshonwa.

Msichana ninayemfundisha kazi ni kinyume changu. Yeye huona gauni zima kabla hajagusa makasi, analizungusha kichwani alitazame mgongo, anabadilisha rangi ya kola akiwa ameketi tu na chai yake. Namwonea wivu kidogo, sikufichi. Lakini ndiye anayekosea vipimo zaidi, kwa sababu gauni analoliona limevaliwa na mwanamke wa kichwani mwake, si na huyu aliyesimama mbele yetu na kiuno chake.

Mambo haya si ya juzi. Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton aliwaomba watu wakumbuke meza waliyopatia kifungua kinywa asubuhi hiyo, kisha wamweleze: picha ina mwanga kiasi gani, vitu vinaonekana wazi kiasi gani, rangi zipo? Alianza na wanasayansi, na wengi wao wakamshangaa. Walikuwa wameishi wakiamini kwamba kusema "naona akilini" ni usemi tu, sawa na wewe. Baada ya hapo jambo likalala miaka mingi. Mwaka 1973 David Marks alitunga hojaji ya maswali 16 ya kupima jinsi picha za mtu zilivyo hai, na hojaji hiyo ingali inatumika. Kisha 2015 Adam Zeman wa Chuo Kikuu cha Exeter na wenzake wakaipa jina hali ya kutoona picha: afantasia. Walio nayo ni kama mtu mmoja hadi wanne katika kila 100, kutegemea unaweka mpaka wapi, kwenye giza tupu au hata kwenye ukungu mzito. Wale wa upande wa pili, wanaoona karibu kama wanavyoona kwa macho, wanaitwa wenye haipafantasia.

Wewe umeuliza hasa kama watu hawatudanganyi. Kuna jaribio moja lililoniridhisha. Mboni ya jicho husinyaa ukitazama mwanga, na huwezi kuiamuru isisinyae. Watafiti wa Sydney, Australia, walitoa matokeo yao mwaka 2022: waliwaambia watu wawaze umbo jeupe linalong'aa, kisha jeusi. Wenye picha, mboni zao zilifuata kile walichokiwaza kana kwamba mwanga upo kweli. Wenye afantasia, hakuna tofauti, ingawa mwanga wa kweli ulipowamulika mboni zao zilisinyaa kama za mtu yeyote. Na walipoambiwa wawaze maumbo manne badala ya moja, mboni zao zilipanuka, alama kwamba walikuwa wanajitahidi kweli, hawakuwa wamekaa tu.

Na hili nalo linatuhusu mafundi. Mwaka 2021 Wilma Bainbridge na wenzake walionyesha watu picha za vyumba, halafu wakawaambia wachore walichokumbuka. Wasioona picha walichora vitu vichache zaidi na rangi kidogo, lakini walichochora kilikaa mahali pake na kwa ukubwa wake, na ni nadra wao kuongeza kitu ambacho hakikuwemo. Ndiyo mimi hiyo. Nikienda harusini nikaona gauni zuri, maua yake nimeyasahau kabla ya keki kukatwa, ila mshono wa ubavuni umepita wapi, hilo nitakueleza hata mwakani.

Ukitaka kujipima, usijiulize "je, naona?" Hilo swali halina mwisho, mtabishana mpaka alfajiri. Jiulize vitu vidogo. Nyumba ya wazazi wako ina madirisha mangapi? Angalia unavyoyahesabu. Mume wangu huyaona moja moja. Mimi nayapata yote bila kuona hata moja: najihisi nikipita sebuleni, nikigeuka kushoto, hapa kuna moja, jikoni kuna moja. Jibu ni lilelile.

Huyu mume wangu naye ni somo peke yake. Anaendesha matatu ya Nakuru kwenda Kisumu. Mimi njia hiyo naijua kwa majina yaliyofuatana, Salgaa, Mau Summit, Londiani, Kericho, Awasi, Ahero. Yeye ukimuuliza njia anatulia kwanza, kisha anaanza kuipita: malori ya Salgaa, pale pa kukata kushoto Mau Summit, majani chai, mteremko wa kuingia uwanda wa mpunga Ahero. Lakini maneno kichwani hana. Jioni amekaa amenyamaza, namuuliza, "Baba, unawaza nini?" "Hakuna." Wanawake wenzangu wangesema anaficha kitu. Hafichi. Anawaza, na ukimbana sana atakuonyesha kwa mikono, ila mawazo yake hayakuja yamevaa maneno, sasa akutolee nini?

Kwangu mimi kila wazo ni mazungumzo. "Hii chaki imeisha. Mwambie alete nyingine. La, kwanza malizia bega." Kiswahili kazini, Kiluhya nikikasirika au nikiomba. Mtaalamu wa saikolojia wa Urusi, Lev Vygotsky, alieleza tangu miaka ya 1930 kwamba mtoto huanza kwa kujisemesha kwa sauti anapocheza, na kadiri anavyokua yale maneno yanaingia ndani. Kwangu mimi yameingia nusu tu, midomo bado inacheza nikikata kitambaa, na wateja wamezoea.

Hata hivyo, tusiamini sana tunavyojieleza. Mtaalamu wa saikolojia Russell Hurlburt wa Las Vegas, Marekani, kwa miongo mingi amewapa watu kidude kinacholia ghafla mara kadhaa kwa siku. Kikilia, unaandika kilichokuwa akilini sekunde ile kabla hakijalia. Kwa wastani maneno ya ndani hupatikana kwenye takriban robo tu ya nyakati hizo. Wapo ambao hayapatikani kabisa, na wapo ambao yako karibu kila mara. Tena wapo walioapa kwamba hujisemesha kutwa nzima, kidude kikaonyesha vingine. Na mwaka 2024 Johanne Nedergaard na Gary Lupyan walichapisha utafiti kuhusu wenye maneno machache ya ndani, hali waliyoiita anendofasia. Hao walipata shida zaidi kukumbuka orodha za maneno na kutambua vina. Katika kuhama kutoka kazi moja hadi nyingine hawakuachwa nyuma. Mume wangu nikimtuma vitu sokoni lazima nimwandikie, na sasa simlaumu.

Neno la tahadhari, maana mtu akisema "nina sauti kichwani" huku kwetu watu huanza kukonyezana. Sauti ninayoizungumzia ni yangu, najua ni mimi, na naweza kuibadilishia mada. Mtu akisikia sauti za wengine zinamtukana au kumwamuru, na anazisikia kama zinatoka nje yake, hilo ni jambo jingine na aende hospitali. Vivyo hivyo kwa picha: kama umekuwa huoni tangu utoto, huo si ugonjwa, ndivyo ulivyo. Kama ulikuwa unaona halafu zikapotea ghafla, baada ya ajali au upasuaji tuseme, mwone daktari. Zeman mwenyewe alianzia kwa mzee mmoja aliyepoteza picha zake zote baada ya kutibiwa mishipa ya moyo.

Hasara zipo, nisikudanganye. Mama yangu alizikwa kwetu Kakamega, na sura yake siwezi kuiita. Najua alikuwa na pengo la juu na kovu karibu na nyusi, najua kama ninavyojua vipimo vya mtu. Mikutano ya maombi ambapo mhubiri anasema "fumbeni macho mmwone amesimama mbele yenu" hunipita. Lakini sauti ya mama akiniita kutoka shambani naisikia ilivyokuwa, na kukohoa kwake kabla ya kuita. Kwa hiyo picha kwenye simu nimeziweka, sauti sikuhitaji kuirekodi.

Kwa hiyo ndugu, kabla hujasema huna chochote, nijibu mambo mawili. Ukilala, unaota ukiona? Wengi wetu tusioona mchana huota kwa picha kama kawaida, mimi mmojawapo. Na wimbo ukikunasa asubuhi, unausikia na ala zake, unausikia kama wewe unaimba, au unajua tu kwamba upo?