Injini ya mvuke ina wenyewe: kufanya kazi na mafundi wazee wa reli

Ukipanga safari ya treni ya mvuke, au ukijitolea kusaidia kufufua injini kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi, rangi na mabango yasubiri. Mtafute kwanza mzee aliyewahi kuiwasha.

Zile Garratt kubwa za daraja la 59, injini za mvuke zenye boila moja juu ya seti mbili za magurudumu na zenye majina ya milima, ziliundwa 34 na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956. Zimebaki mbili, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, na zote ziko Nairobi. Mchochea moto aliyekuwa na miaka 22 mwaka 1977, Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipovunjika, leo amevuka 70. Kitabu cha kiwanda kipo na kisomwe, ila kiliandikwa injini ikiwa mpya. Vali ipi hukwama na kiungo kipi huvuja ikipata joto, hayo utayapata kwa mzee.

Mgongano wa kwanza huja kwenye muda. Waandaaji hutangaza treni itaondoka saa mbili asubuhi, kisha humwita fundi alfajiri ya siku hiyo hiyo. Akikataa, anaitwa mkaidi. Sababu yake ni hii: mabati ya chumba cha moto hupata joto na kutanuka mapema kuliko ganda la nje la boila. Ukiharakisha, boliti zinazoyashikilia hupasuka na mirija inayopitisha moshi wa moto ndani ya boila huanza kuvuja kwenye miisho yake. Boila kubwa iliyopoa kabisa huanza kupashwa siku moja kabla, taratibu. Basi muulize yeye saa ya kuwasha, ndipo uchapishe tiketi.

Kabla ya moto huangalia maji, na haridhiki kuyaona tu kwenye kioo cha kupimia maji ya boila. Hufungua koki ya chini ili maji yatoke, halafu huifunga aone yanavyorudi. Yakirudi kwa kusuasua, njia zimeziba na kioo kinadanganya. Maji yakishuka chini ya paa la chumba cha moto, bati huungua, na hapo boila inaweza kulipuka. Usimsemeshe anapofanya kazi hii.

Injini hizi huchoma mafuta mazito. Lazima yapashwe moto yawe mepesi, kisha yapulizwe kwa mvuke hadi yawe kama ukungu. Injini baridi haina mvuke wake, kwa hiyo huazima kutoka boila nyingine au hutumia hewa ya kompresa. Wengine huanza na kuni mpaka presha ipande. Moto ukishawaka, macho ya mchochea huwa kwenye dohani. Moshi wa kijivu hafifu ndio unaotakiwa. Mweusi maana yake mafuta yamezidi hewa. Mweupe ni dalili kwamba mafuta hayaungui, pengine moto umezimika, na matofali ya ndani ya chumba cha moto, yakiwa bado na joto kali, yanaweza kuyalipua ghafla. Mzee hufunga mafuta, huachia hewa ipite mpaka chumba kisafike, ndipo huingiza kitambaa kinachowaka na kufungulia tena kidogo kidogo. Mtu wa kujitolea asiguse vali ya mafuta mpaka aambiwe.

Wapiga picha nao waambiwe mapema: wasidai moshi mweusi. Masizi hujipaka ndani ya mirija na kuzuia joto kufika kwenye maji, kisha mchochea anabaki kurusha mchanga kupitia mlango wa moto, injini ikiwa inavuta kwa nguvu, ili kuyakwangua.

Kwenye kila kituo mpe muda wa kushuka. Hupitisha nyuma ya kiganja karibu na beringi moja baada ya nyingine, akinusa pia, kwa sababu mafuta ya kulainisha yakikauka, metali nyeupe laini iliyo ndani ya beringi huyeyuka. Garratt ina seti mbili za magurudumu na egemeo zake, kwa hiyo ukaguzi huchukua muda. Dakika mbili hazitoshi.

Heshima hii iandikwe kwenye mkataba. Mzee awe na mamlaka ya kusimamisha safari bila kumwomba mtu ruhusa. Alipwe kiwango cha fundi bingwa, si pesa ya chai, na siku ya kupasha boila ihesabiwe kuwa siku ya kazi. Mpe vijana wawili wa kupanda, kubeba na kushika spana, yeye aelekeze. Usimsahihishe mbele ya wageni, ukiwa na shaka mvute pembeni umuulize, "Mzee, tukifanya hivi nini kitaharibika?" Swali hilo hutoa maarifa mengi kuliko mahojiano ya kamera. Kamera yenyewe iwashwe kwa idhini yake, naye apewe nakala.

Uzoefu wake hauondoi mkaguzi wa boila. Jaribio la presha ya maji lifanyike kwa kiwango kinachotakiwa, na mzee awepo. Mkaguzi husoma geji. Mzee huonyesha bati lilipowahi kuzibwa kiraka na boliti zilizobadilishwa, akizigonga kwa nyundo moja moja kusikiliza iliyovunjika. Mwandikie kijana mmoja kazi ya kuchora ramani ya boliti hizo papo hapo, kila moja na namba yake.