Kabla hujafuata kazi ya kiwanda cha baiskeli Ulaya, uliza fremu inachomelewa wapi

Tangu niingie kwenye kiwanda cha baiskeli hapa Águeda, Ureno, vijana wa nyumbani walioko Lisbon, Ubelgiji na Ujerumani hunipigia simu na swali lilelile: "Kaka, tunasikia viwanda vya baiskeli vinarudi Ulaya. Huko kazi zipo?" Zipo. Ila kabla hujakata tiketi, nataka ujue kazi ipi inakaa na ipi inaondoka.

Wazee wetu waliopanda Raleigh walilijua jina la Nottingham bila kufika Uingereza. Mwaka 1999 kiwanda cha Raleigh cha huko kiliacha kutengeneza fremu. Kikabaki kuunganisha tu, kwa fremu zilizoletwa kutoka nje, na mwishoni mwa 2002 hata kuunganisha kukakoma. Utazame vizuri mfuatano huo. Fremu ikishaondoka, kinachobaki ni watu, spana na maboksi ya vipuri, na vitu hivyo mwenye kiwanda anaweza kuvipata popote penye mshahara mdogo zaidi. Uholanzi nako, mwaka 2024 kampuni ya Accell ilitangaza kwamba baiskeli hazitaunganishwa tena Heerenveen, mji uliozoea kazi hiyo kwa miaka mingi.

Sasa kwa nini kazi zinarudi? Ushuru una mchango mkubwa. Umoja wa Ulaya umekuwa ukizitoza baiskeli za China ushuru wa ziada tangu 1993, na mwaka 2005 ukaupandisha hadi asilimia 48.5. Zile za umeme zikafuata mwaka 2019. Kisha ikaja korona. Watu walitaka baiskeli kuliko wakati wowote, nauli ya kontena kutoka Asia ikapanda mara kadhaa, na oda ya gia ikawa inasubiriwa mwaka mzima na zaidi. Hapo ndipo wengi walipoona hatari ya kutegemea bahari kwa kila kitu.

Ureno ilikuwa imeshajiandaa. Mwaka 2019 ilitengeneza baiskeli kama milioni 2.7, nyingi kuliko nchi nyingine yoyote ya Umoja wa Ulaya. Sababu mojawapo ni ujirani: Rodi wanatengeneza rimu huku Aveiro, Miranda wanatengeneza mikono ya pedali hapahapa Águeda, na Coimbra kuna kiwanda cha cheni cha SRAM. Bado fremu nyingi huja kwa meli, na gia na tairi nyingi zitaendelea kutoka Asia kwa muda mrefu. Mimi sioni ubaya wake. Kinachonipa moyo ni kwamba fremu za alumini zimeanza kuchomelewa huku, kwa mfano pale kiwanda cha Triangle's, ambako roboti ndizo zinazochomelea.

Roboti zisikutishe. Ndizo zilizofanya hesabu ya mshahara wa Ulaya iwezekane, na kuzizunguka kuna kazi nyingi za mikono yenye akili. Moto wa kuchomelea huilegeza alumini kwenye maungio. Kwa hiyo fremu huingizwa kwenye tanuri la nyuzi kama 530, ikapozwa ghafla, na wakati bado ni laini fundi huipima na kuinyoosha. Hapo unamwona mtu amebana fremu kwenye kipimo, anaivuta kidogo ile miguu ya nyuma inayoshika gurudumu, anapima tena, anavuta tena. Hana siku nzima, maana alumini huanza kukaza yenyewe hata ikiwa mezani. Baada yake kuna tanuri la pili, la moto mdogo, kwa saa nyingi, na fremu ikitoka humo hainyoosheki kirahisi. Mtu mwenye jicho hilo kiwanda hakimwachi hivihivi.

Kazi ya pili ninayowashauri wadogo zangu ni magurudumu. Mashine hukaza spoki haraka sana, lakini neno la mwisho ni la mtu. Gurudumu la nyuma lenye gia nyingi, spoki za upande wa gia hukazwa zaidi ya zile za upande wa pili, la sivyo rimu haikai katikati. Zigonge moja moja za upande mmoja usikilize. Iliyolegea inalia nzito. Kama umekua ukinyoosha rimu za Phoenix chini ya mwembe, sikio hilo unalo tayari, nawe usilidharau hata kama huna cheti.

Nasema hivi kwa sababu nilijionea mwenyewe mwaka 2023. Homa ya korona ya kununua baiskeli iliisha, maduka yakajaa mali, oda zikapungua. Kwetu walioondoka kwanza ni wa mkataba wa wakala, waliokuwa wakifunga pedali na usukani kwenye laini ya kuunganisha baiskeli. Waliobaki ni watu wa magurudumu, wa rangi na wa ukaguzi. Iliniuma, maana walioondoka walikuwa wachapakazi, na wengine walikuwa na familia.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, uliza mambo matatu. Mkataba ni wa kiwanda chenyewe au wa wakala? Fremu na magurudumu yanatengenezwa humo ndani, au yanashushwa kwenye kontena? Kiwanda kina wateja wangapi? Chenye mteja mmoja tu hutetereka siku mteja huyo akipunguza oda. Kireno kianze mapema, kwa sababu maelekezo ya usalama hayatakungoja. Na kama nafasi iliyopo ni ya laini tu, ichukue ikiwa una shida, lakini wiki ya kwanza mwambie msimamizi kwamba unajua kunyoosha rimu, umwombe akujaribu wakati wa mapumziko.