Maswali ya Wasomaji: Kiwanda Kimezimwa, Mgeni Akaribishwe Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mjumbe wa kamati iliyokabidhiwa eneo la kiwanda cha chuma kilichofungwa miaka mingi iliyopita. Matanuru mawili bado yamesimama, reli zimemezwa na vichaka, na juu ya kilima cha mavi ya chuma, yaani mabaki ya kuyeyusha, miti imeota yenyewe bila kupandwa na mtu. Wenzangu wamegawanyika: baadhi wanataka kila kitu kibomolewe ijengwe hoteli yenye bustani, wengine wanataka makumbusho. Mimi naona pana historia na pana mazingira, lakini sijui tuanzie wapi ili tusiharibu kimoja kwa kutafuta kingine, wala tusijenge kitu cha kudumu misimu miwili tu.

JIBU: Anzeni na udongo na maji, kabla hamjagusa ramani ya hoteli wala ya makumbusho. Ardhi iliyobeba tanuru la chuma huwa imenyonya lami, risasi, aseniki na vingine visivyoonekana kwa macho, na miti iliyoota juu yake si ushahidi kwamba mtoto anaweza kuchezea hapo salama. Chukueni sampuli za udongo kipande kwa kipande, pimeni maji ya visima na ya mifereji, kisha mligawe eneo: panapokanyagwa na yeyote, panapohitaji kiongozi na njia iliyoinuliwa, na panapofungwa kabisa. Ramani hiyo ndiyo itakayoonyesha njia za wageni zipite wapi, na sitashangaa ikimaliza nusu ya ubishi wenu.

Mfano ulio karibu zaidi na hali yenu ni wa Duisburg, Ujerumani, ambako kiwanda cha chuma cha Meiderich kilizimwa mwaka 1985 na eneo lake likafunguliwa kwa umma mwaka 1994. Msanifu wa mandhari, Peter Latz, hakubomoa matanuru ili apate nafasi ya maua, bali aliipanga bustani kuyazunguka, na baadhi ya vifusi vyenye sumu vikafungiwa ndani ya maghala ya zege yaliyokuwa ya madini. Sahani 49 za chuma zilizowahi kutumika katika kazi ya kusubu, yaani kumimina chuma kilichoyeyuka, zilitandazwa chini zikawa uwanja wa mikutano. Bado zina mikwaruzo na mashimo ya kuliwa na chuma kilichoyeyuka, na hakuna bango linaloweza kueleza joto la kazi ile vizuri kuliko mashimo hayo. Tangi kubwa la gesi lilijazwa maji na sasa wapiga mbizi hujifunzia humo, kuta za maghala ya madini hukwewa na wapanda milima, na mgeni mwenye pumzi hupanda ngazi hadi juu ya tanuru namba 5. Hiyo si hoteli wala si makumbusho kwa maana ya kabati za vioo, na ndiyo sababu naamini wenzako wanagombania chaguo mbili ilhali ya tatu ipo. Hoteli wakiitaka sana, waiweke katika jengo lililokuwa la ofisi, si mahali pa tanuru.

Kuhusu muda, msidanganyike. Katika eneo hilohilo la viwanda, liitwalo Ruhr, mto Emscher ulikuwa mfereji wa majitaka ulio wazi kwa zaidi ya miaka 100, kwa kuwa ardhi iliyochimbwa makaa ya mawe ilikuwa ikititia na mabomba yoyote ya chini yangepasuka. Migodi ilipohama ndipo mabomba yakawezekana. Kazi ilianza mwaka 1992, majitaka yakaondolewa mtoni mwishoni mwa mwaka 2021, na gharama ilipita euro bilioni 5. Mradi wenu ni mdogo kuliko huo, lakini atakayewaahidi mto safi katika miaka miwili mwulizeni majitaka yataelekezwa wapi.

Upande wa mazingira, machimbo ya mawe ya saruji ya Bamburi, karibu na Mombasa, yana funzo ambalo wahandisi wengi hulipuuza. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo, René Haller, alianza kupanda miti kwenye sakafu ya mwamba mtupu, yenye joto na chumvi, na mvinje ukawa miongoni mwa michache iliyostahimili. Tatizo likawa kwamba majani yake makavu, membamba kama sindano, yalirundikana bila kuoza. Waliletwa jongoo; wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo ambamo miti mingine iliweza kuota. Wageni na wanyama wakubwa walifuata baadaye, udongo ukiwa tayari. Ninyi miti yenu imejiotea, yaani kazi hiyo ngumu imekwisha kuanza bila gharama. Kuing'oa ili kupanda nyasi za kukatwa kila wiki ni kulipia hasara.

Sasa fedha, mahali ambapo miradi mingi ya namna hii hufia. Chuma kinachoachwa kionekane na kutu yake nacho kina matunzo: ngazi hukaguliwa, mabati yanayoning'inia huondolewa, nguzo huzuiwa zisianguke. Andikeni gharama hiyo ya kila mwaka kwanza, kisha mtafute mapato ya kuifikia. Duisburg kuingia hakulipiwi. Badala yake kumbi zake kubwa za zamani za mitambo hukodishwa kwa matamasha na maonyesho. Wala msiwaahidi wananchi kwamba utalii utarudisha ajira zote za kiwandani. Hautarudisha, na ahadi hiyo ikivunjika hata kizuri mlichojenga kitachukiwa.

SWALI: Nilifanya kazi tanuruni hadi siku ya mwisho. Sasa wanakuja wataalamu kutueleza urithi wetu, na sisi tunaitwa kufagia tu. Je, ni haki?

JIBU: Si haki, mzee wangu, na kwa mradi wenyewe ni hasara. Big Pit, huko Wales, mgodi wa makaa ya mawe uliofungwa mwaka 1980 na kufunguliwa kwa wageni mwaka 1983, watu wamekuwa wakishushwa kwa lifti ya mgodi mita 90 chini ya ardhi wakiongozwa na waliowahi kuwa wachimbaji. Kabla ya kushuka mgeni huvalishwa kofia ngumu na taa, na huacha juu saa na simu yake, kwa sababu cheche ndogo ni hatari penye gesi. Akielezwa hivyo na mtu aliyeiogopa gesi hiyo maisha yake yote, haulizi swali la pili. Dai mambo mawili: mrekodiwe sasa, mkiwa na nguvu, mkitaja kila mtambo kwa jina mlilokuwa mkiuita ninyi wenyewe, na muwe na viti kwenye kamati. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2003 kuhusu urithi wa viwanda, uliopewa jina la mji wa Nizhny Tagil wa Urusi, unatambua kwamba kumbukumbu za watu ni chanzo cha pekee, hivyo hamuombi hisani.

SWALI: Vichaka ndani ya kiwanda vifyekwe ili pawe pasafi?

JIBU: Si kabla ya mtaalamu wa mimea kuvipitia msimu hadi msimu. Mpakani mwa Ubelgiji na Ujerumani kuna ua dogo la manjano, la jamii ya vayoleti, linaloota kwenye udongo wenye zinki nyingi. Ukimwaga juu yake udongo wenye rutuba, nyasi za kawaida hulisonga likafa. Mahandaki pia yachunguzwe kabla ya kuzibwa. Mkikuta popo, msijenge ukuta mlangoni, bali wekeni fito za chuma zilizolazwa, zenye nafasi ya kumpitisha popo na kumzuia mtu.