Mtoto analia zaidi tangu nianze kumpuuza. Nakosea wapi?

Swali: Shikamoo mshauri. Niko Nkuhungu, Dodoma. Mwanangu wa miaka minne, tukipita dukani kwa Mangi, lazima ajitupe chini mpaka nimnunulie juisi. Kwenye semina ya wazazi tuliambiwa tabia isiyolipwa hufa yenyewe, nikaanza kumpuuza. Siku mbili alilia kama kawaida. Siku ya tatu alipiga mayowe mpaka bodaboda wa kijiweni wakaja kuuliza kulikoni, nikampa juisi kwa aibu. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Mpwapwa, anasema namtesa mjukuu wake, na nikiwa kazini humpa anachotaka. Njia hii inafaa kweli, au namharibu mtoto? (Mama Baraka)

Jibu: Marahaba, Mama Baraka. Mtoto hujamharibu, ila siku ile ya tatu ulimfundisha somo ambalo hukulikusudia.

Mtu akipiga hodi pakawa kimya, haondoki papo hapo. Hodi ya pili huipaza, ya tatu husikika mpaka kwa jirani, ndipo anageuka kwenda zake. Tabia iliyozoea malipo mara nyingi hufanya hivyohivyo malipo yakikatwa: hupanda kwanza, kisha hufifia. Kwa hiyo yale mayowe hayakuwa dalili kwamba njia imeshindwa. Baraka alikuwa ameshaona mambo yamebadilika. Bahati mbaya ulifungua mlango kwenye hodi ya tatu, na sasa anajua zile mbili za mwanzo ni za kupoteza muda.

Mama mkwe naye ana hoja ya kujibiwa kwa heshima. Kufifisha tabia, yaani kuacha kuilipa mpaka ipungue yenyewe, si adhabu. B. F. Skinner, Mmarekani aliyechunguza mambo haya kwa panya, alisimulia mwaka 1956 kwamba mara ya kwanza aliliona hili kwa bahati tu: kifaa cha kudondosha chakula kilikwama, panya aliyezoea kubonyeza wenzo ili apate chakula akaendelea kubonyeza bure, na mchoro wa mashine ukaonyesha jinsi alivyoacha polepole. Hakuchapwa wala hakukaripiwa. Chakula ndicho kilichokoma.

Kinachofuata tendo na kulifanya lirudiwe tunakiita kiimarishi. Kwa Baraka ni juisi. Na chako je? Wewe nawe unaimarishwa pale dukani: unanunua juisi, mayowe yanakoma, aibu inaondoka, na kesho utanunua upesi zaidi. Huo ndio uimarishaji hasi. (Nasikia hata walimu wakilitumia jina hilo wakimaanisha viboko. Sivyo, hasi maana yake kero imeondolewa.)

Shida yako kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba mlipaji si mmoja. Tabia inayolipwa mara mojamoja hukawia kufa kuliko inayolipwa kila mara. Vijana hawabanduki kwenye dubwi, ile mashine ya kamari, kwa sababu hiyohiyo: linalipa kwa nadra na bila taarifa. Wewe ukikataa na bibi akikubali, nyumba nzima imekuwa dubwi. Mwaka 1959 mtafiti C. D. Williams aliandika habari za mtoto wa miezi 21, huko Marekani, aliyelia kila alipolazwa mpaka mtu mzima akae naye. Wazazi walipoacha kurudi chumbani, usiku wa kwanza alilia dakika 45, na kufikia mara ya kumi hakulia tena. Wiki moja hivi baadaye shangazi akamrudia alipolia, na kazi ikaanza upya. Walifaulu, lakini kwa kurudia safari nzima.

Nisingependa uendelee na kupuuza peke yake. Chagua unachotaka akifanye badala ya kujitupa, kwa mfano kubeba kifuko chako mpaka mpite duka, na ukilipe papo hapo, kila mara, akiwa bado ametulia: "Umebeba vizuri!", karanga kidogo, wimbo wenu. Hata juisi yenyewe inafaa, mradi ije baada ya utulivu. Ikishakuwa mazoea, punguza malipo taratibu. Akijitupa, simama karibu asiumie, usimtazame, usimhutubie, maana kukaripia nako ni kumshughulikia. Akinyamaza hata nusu dakika, ongea naye.

Bibi usimpokonye furaha yake. Mfanye Mlipaji Mkuu, kama serikali ilivyo na wake hapo mjini: mjukuu akirudi bila vurugu, zabibu zitoke mkononi mwake.

Usipuuze kilio cha njaa, homa, usingizi au hofu. Akianza kubamiza kichwa au kujiuma, kupuuza hakutoshi. Muone mtaalamu ana kwa ana.

Halafu usishtuke atakapojitupa tena baada ya majuma ya amani, hasa mkitoka likizo Mpwapwa. Tabia iliyofifia huchungulia tena. Ukimjibu vilevile, safari hiyo huwa fupi. Na siku unayojua huna nguvu za kuvumilia mayowe, zungukia njia isiyo na duka, au mnunulie juisi mkiwa bado hamjafika, kabla hajafungua mdomo.